Gokati kwa anayeanza: maswali ninayoulizwa kila wikendi

Mimi ni fundi wa injini ndogo hapa Kampala. Siku za kazi natengeneza jenereta na pampu za maji. Jumamosi na Jumapili niko uwanjani na gokati. Nimekulia Bombo, katika nyumba ambayo Kiswahili kilisikika kabla ya Kiganda, kwa hiyo wengi wanaonifuata kwa Kiswahili hawanipi shida: askari waliostaafu, madereva wa malori ya Malaba na Busia, wanafunzi kutoka Kongo, akina mama walioleta watoto. Maswali yao yanafanana mno. Haya hapa, na majibu ninayotoa nikiwa na spana mkononi.

Gokati ni gari kweli, au ni kitu cha kuchezea watoto?

Ni gari la mashindano lililovuliwa kila kitu. Kuna fremu ya mabomba ya chuma, kiti kimoja kilichokaa sentimita chache kutoka ardhini, injini ubavuni, usukani, na magurudumu manne madogo yenye rimu za inchi tano. Mlango hamna, paa hamna, springi hamna, shokapu hamna, difu hamna. Pedali ni mbili: mguu wa kulia mafuta, wa kushoto breki. Nyingi hazina hata gia.

Zipo za kuchezea watoto kwenye bustani za starehe, sikatai. Lakini kaa kwenye gokati ya kawaida ya kukodi, ufike kilomita hamsini kwa saa huku makalio yako yako karibu na lami, halafu uje uniambie habari za kuchezea.

Ilianzia wapi?

California, Marekani, mwaka 1956. Art Ingels alikuwa fundi wa Kurtis Kraft, waliokuwa wakiunda magari ya mashindano. Alichukua injini ya mashine ya kukata nyasi, West Bend, yenye nguvu za farasi 2.5 hivi, akaifunga kwenye fremu ya bomba. Lou Borelli alimsaidia. Watu wakaiona, wakataka ya kwao, na muda si mrefu walikuwa wakishindana kwenye maegesho ya uwanja wa Rose Bowl, Pasadena. Jina tunalotumia leo lilianza kama jina la kampuni mojawapo iliyozitengeneza. Mwaka 1959 McCulloch, waliojulikana kwa misumeno ya injini, wakatoa injini ya gokati. Mwaka 1962 shirikisho la magari la dunia, FIA, likaunda kamati ya mchezo huu, na 1964 bingwa wa dunia wa kwanza akawa Guido Sala wa Italia.

Kila nikiisimulia habari hii namwona fundi wa Katwe, mtaa wetu wa mafundi hapa Kampala. Mtu, bomba, mashine ya kuchomelea, na injini iliyotengenezwa kwa kazi nyingine kabisa.

Umesema haina difu. Sasa inakata kona vipi?

Hapa ndipo penye siri yote ya gokati. Ukilielewa jibu hili, nusu ya maswali mengine utajijibu mwenyewe.

Gari lako likikata kona, gurudumu la nje linakwenda njia ndefu kuliko la ndani. Difu inaruhusu kila moja lizunguke kwa mwendo wake. Gokati ina ekseli moja ngumu nyuma, chuma kimoja kutoka gurudumu hili hadi lile. Yote mawili lazima yazunguke sawasawa. Ukikata kona, la ndani linataka kwenda polepole na haliruhusiwi, kwa hiyo linaburuta, linaisukuma gokati iende moja kwa moja. Ndiyo maana mgeni husema usukani ni mzito, gari halitaki kugeuka.

Dawa yake ni kuliinua gurudumu la ndani la nyuma. Ndiyo, kuliinua kutoka ardhini, hata kama ni kwa unene wa karatasi. Magurudumu ya mbele yamefungwa kwa mwinamo maalumu: ukigeuza usukani, gurudumu la mbele la ndani linasukumwa chini na la nje linapanda. Fremu inajipinda, maana haina springi, yenyewe ndiyo springi. Uzito unahamia upande wa nje, gurudumu la nyuma la ndani linanyanyuka, na gokati inageuka ikiwa juu ya magurudumu matatu. Kona ikiisha, linashuka na yote mawili yanasukuma tena.

Tazama sasa kinachofuata. Kiti kikifungwa pabaya, uzito hauhami vizuri na gurudumu halinyanyuki. Fremu ikiwa na ufa, haijipindi inavyopaswa. Ukigeuza usukani kwa woga, kidogo kidogo, halinyanyuki; ukiugeuza kupita kiasi na kuukalia hapo, linabaki hewani muda mrefu na unapoteza msukumo. Watu wananijia wakidai injini imekufa. Mara nyingi injini ni nzima, wanaiburuta tu ekseli kwenye kona.

Inakimbia kasi gani?

Za kukodi, zenye injini za viharusi vinne (four-stroke) kama Honda GX200 ya sentimita za ujazo 196, hufika kati ya 45 na 70 kwa saa kulingana na uwanja na jinsi mwenye uwanja alivyoifunga. Za mashindano zenye injini ya Rotax Max ya 125, yenye nguvu za farasi 30 hivi kwa daraja la watu wazima, hupita 110. Zile za gia sita zina kasi zaidi. Na kuna zinazoitwa superkati, injini ya 250 na bodi ya kukata upepo, ambazo kwenye viwanja virefu vya magari hupita 200. Hizo zione kwenye video.

Nikija mara ya kwanza nitafanywa nini?

Utajaza fomu, utapewa helmeti, utaelezwa bendera na pedali, utapelekwa kwenye gokati. Zamu huwa ni ya dakika chache, nane au kumi hivi. Usicheke ufupi wake. Wengi hutoka mikono ikitetemeka.

Kosa la siku ya kwanza ni kukanyaga pedali zote mbili pamoja. Klachi ya gokati hujishika yenyewe injini ikipanda mizunguko. Ukishika breki huku umekanyaga pedali ya mafuta, klachi inajisugua na kuungua, utanusa mwenyewe. Mguu mmoja kwa wakati mmoja.

Na kabla ya kupanda teksi kutoka kwenu, piga simu. Viwanja vya kukodi hapa kwetu ni vichache, saa zao hubadilika, na mvua ya alasiri kutoka ziwani haimuulizi mtu.

Nivae nini?

Suruali ndefu, viatu vya kufunga vyenye soli nyembamba, shati la mikono mirefu. Si ndala, si kandambili, hata kama umezoea kuendesha nazo. Bomba la kutolea moshi liko karibu nawe na lina moto. Mimi nina kovu la mwaka wa kwanza kwenye shavu la mguu, na nilikuwa nimesimama tu nikipiga soga.

Sasa sikilizeni dada zangu na mama zangu, na hapa sina mzaha. Ekseli ya nyuma inazunguka wazi mgongoni kwako. Leso, kanga iliyofungwa kiunoni, mtandio, buibui, ncha za hijabu, rasta ndefu: chochote kinachopepea kinaweza kushikwa na ekseli au cheni, na kikishikwa kinakuvuta shingo. Mwaka 2010 huko Australia mama mmoja Mwislamu alifariki hivyo hivyo. Hijabu si tatizo ikiwa ni ile ya kubana, ya michezo, iliyoingizwa yote ndani ya shati na helmeti juu yake. Nywele ndefu zifungwe na ziingizwe ndani ya kola. Mwenye uwanja akikuruhusu upande na mtandio unapepea, ondoka kwenye uwanja wake.

Helmeti iwe ya kufunika uso wote, yenye alama ya usalama ya ECE au Snell. Zile kofia za boda zinazouzwa kando ya barabara, nyepesi kama bakuli la plastiki, ziache. Na kwa kuwa helmeti ya kukodi imevaliwa na jasho la watu ishirini kabla yako, njoo na kitambaa chako cha kichwani.

Mbona hakuna mkanda?

Kwa sababu hakuna paa wala vyuma vya kukulinda ikipinduka. Ukifungwa, gokati inakulalia. Usipofungwa, unatupwa nje, na kwa kuwa uko karibu na ardhi mara nyingi ni michubuko tu. Gokati nyingine za kukodi zina mkanda, lakini hizo zimeongezewa vyuma juu ya kichwa. Vitu hivyo viwili huenda pamoja. Ukiona mkanda bila vyuma, uliza.

Mwanangu ana miaka saba. Anaweza?

Anaweza, akipewa ya saizi yake. Pima hivi: mgongo umegusa kiti, miguu inafika pedali bila kujinyoosha, mikono imekunjika kidogo kwenye usukani. Asipofika, asipande, hata akilia. Usimpakate. Nimeshaona baba akitaka kumweka mtoto mapajani kama kwenye trekta la shamba. Wewe mwenyewe ndiye utakayemponda dhidi ya usukani.

Rotax, hao watengenezaji wa injini, wana madaraja ya watoto, Micro na Mini, kisha Junior. Lewis Hamilton alianza akiwa na miaka minane. Max Verstappen alikuwa bingwa wa dunia wa gokati za gia mwaka 2013 akiwa na miaka kumi na mitano. Ila Mama, mtoto wako akitaka kushuka baada ya mizunguko miwili, mshushe. Atarudi mwenyewe.

Mimi nina kilo 95. Nitakuwa wa mwisho?

Kwenye za kukodi utachelewa kidogo kutoka kwenye kona, hilo ni kweli, injini ni ndogo na kila kilo inaonekana. Kwenye mashindano yenye utaratibu, dereva hupimwa pamoja na gokati yake na kuna uzito wa chini kabisa. Mwepesi huongezewa vipande vya risasi kwenye kiti. Risasi ile ya kuyeyusha, afande, si ya bunduki. (Kila nikiwaeleza wastaafu, mzaha ni uleule.)

Naendesha boda mwaka wa kumi sasa. Nitakuwa mwepesi kujifunza?

Macho yako yatakusaidia: mtu wa boda anaona mbali na anajua lami iliyolowa. Mengine itabidi uyasahau.

Kwanza, usiulalie upande wa kona. Pikipiki inataka uiname nayo. Gokati inataka uzito uende nje ili gurudumu la ndani linyanyuke. Ukiinamia ndani unalirudisha chini. Kaa wima, tulia. Pili, breki iko mguu wa kushoto na inashika magurudumu ya nyuma tu. Ukiikanyaga huku umegeuza usukani, utazunguka kama pia.

Tatu, na hili ndilo gumu, ule ustadi wa kupenya popote penye upenyo kwenye foleni ya Jinja Road hapa ni hatari. Magurudumu ya gokati yako wazi. Gurudumu lako la mbele likigusa la nyuma la mwenzako, mpira unaupanda mpira na gokati yako inaruka. Pita pale ambapo tayari uko ubavuni mwake kabla ya kona. Kama bado uko nyuma, subiri kona nyingine, ziko nyingi.

Nifanyeje ili muda wangu wa mzunguko ushuke?

Swali hili naulizwa na watu waliokwisha kulipa zamu tano na wamekasirika. Wanadhani jibu ni ujasiri. Ujasiri wanao, ndio unaowachelewesha.

Sikiliza matairi. Yakilia kona nzima, unaserereka, na kuserereka ni kuchoma mwendo. Dereva mzuri ukimwangalia unaona kama hana haraka. Mikono yake inasogea mara moja, inarudi mara moja.

Maliza kufunga breki ukiwa bado umenyooka. Breki moja ya nguvu, fupi, kisha achia, ndipo ugeuze. Ingia kutoka ukingo wa nje wa njia, gusa ukingo wa ndani, uachie gokati itoke yenyewe hadi nje tena. Ukigusa ndani mapema mno utajikuta unaishiwa na njia wakati wa kutoka, na itabidi uachie mafuta. Kwa hiyo chelewa kugeuka kuliko moyo unavyokuambia. Kona inayofuatiwa na sehemu ndefu iliyonyooka ndiyo ya kuhangaikia. Ingia polepole, ukanyage mafuta mapema wakati wa kutoka. Kona inayofuatiwa na kona nyingine itoe sadaka.

Tazama unakokwenda, si bampa ya aliye mbele. Akikosea, utakosea naye.

Na usijaribu yote haya zamu moja. Chagua kona moja, ifanyie kazi zamu nzima, zingine zipite tu. Mtu wa kwanza niliyemwambia hivyo aliniona mvivu wa kufundisha.

Bendera ni nyingi, nizikariri zote?

Kijani, endeni. Njano, kuna hatari mbele, punguza na usimpite mtu. Nyekundu, mbio zimesimama. Buluu, nyuma yako yuko mwenye kasi anayekuzidi mzunguko, mwachie. Nyeusi, wewe umeitwa, toka. Nyeusi yenye duara la rangi ya chungwa, gokati yako ina hitilafu. Ile ya miraba myeusi na myeupe, ya mwisho wa mbio, unaijua. Ukisahau zote, njano usiisahau, maana mtu aliyesimama kwenye lami akisukuma gokati yake hana cha kumkinga.

Nina injini ya pampu ya maji imekaa bure. Naweza kujijengea gokati?

Unaweza, na wapo waliofanya. Injini ile ya Kichina yenye nguvu za farasi 6.5 ni ndugu wa Honda GX iliyo kwenye gokati za kukodi. Vipuri vingi hata vinaingiliana. Wengine hutumia injini ya Bajaj Boxer iliyotoka kwenye boda iliyogongwa, ambayo inakuja na gia na klachi yake tayari, na vipuri vipo kila mtaa. Kazi yake ni kuutafutia mkono wa klachi na fimbo ya gia mahali panapofikika.

Lakini nisikilize kabla hujaenda kwa mchomeleaji.

Usitumie mabomba ya kitanda. Yanaonekana imara, ila ukuta wake ni mwembamba, na kumbuka nilivyosema, fremu ndiyo springi. Itajipinda maelfu ya mara kwa siku moja. Bomba jembamba litapasuka kando ya sehemu iliyochomelewa, na litapasuka kwenye kona, si ukiwa umeegesha.

Usiondoe gavana ya injini ya pampu. Naombwa hili kila mwezi. Gavana inaizuia isipite mizunguko 3,600 hivi kwa dakika kwa sababu mkono wa pistoni na gurudumu zito la injini havikutengenezwa kwa zaidi. Gurudumu hilo ni la chuma cha kumimina. Likipasuka vipande vinatoka kama vya bomu, na limekaa karibu na mbavu zako. Wanaoziongeza kasi hubadilisha kwanza sehemu hizo mbili.

Breki iwe ya diski, kwenye ekseli, na muunganiko wake kutoka kwenye pedali uwe maradufu: fimbo, pamoja na waya wa akiba. Kanuni za mashindano zinadai hivyo, na zina sababu. Pedali ya mafuta iwe na springi mbili za kuirudisha, ili moja ikikatika isikuache umekwama ukikimbia. Weka swichi ya kuzima injini ambapo mkono unafika bila kutafuta. Funika cheni. Weka sakafu ya bati chini ya miguu. Na viungo vya usukani nunua vya kweli. Bolti iliyochomelewa juu ya bolti nyingine haiingii uwanjani kwangu.

Jaribu mahali palipozungushiwa ua. Barabara ya mtaa si mahali pa majaribio, na gokati haina sifa ya kusajiliwa barabarani hata kidogo.

Viharusi viwili au vinne?

Vinne kama unataka kuendesha. Viwili kama unapenda na kutengeneza.

Ya viharusi vinne unaweka petroli ya kituoni, unaangalia oili, basi. Ya viharusi viwili unachanganya oili ndani ya petroli; kwa Rotax ni moja kwa hamsini, maana yake mililita 100 kwa jerikani ya lita tano. Ukisahau kuchanganya siku moja tu, pistoni inashikana na silinda na safari yako imeishia hapo. Zinataka kufunguliwa na kukarabatiwa kila baada ya saa hamsini hivi, na za Rotax za mashindano hufungwa lakiri, mafundi wenye idhini tu ndio wanaozifungua. Lakini mlio wake, na ile teke ya mgongoni ukitoka kwenye kona! Nakiri nina upendeleo.

Kuwa juu kama Kampala kunaleta tofauti?

Kunaleta. Tuko kama mita 1,200 juu ya usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi, injini inapumua kidogo, na unapoteza kama asilimia kumi ya nguvu ukilinganisha na mtu aliye Mombasa. Jambo la kufanyia kazi ni kabureta. Ikija imepimwa kwa hewa ya pwani, hapa itamwaga petroli nyingi kuliko hewa inayoingia. Plagi inakuwa nyeusi ya masizi, injini inakohoa ikipanda mizunguko. Unaweka jeti (kile kitundu kinachopitisha petroli) ndogo zaidi. Ukishuka nayo pwani, rudisha kubwa, la sivyo itakauka na kupata joto, na injini ya viharusi viwili haivumilii joto hilo.

Kibaya zaidi kuliko mwinuko ni vumbi jekundu. Safisha filta ya hewa kila siku ya kuendesha. Cheni iliyopakwa oili nyingi hugeuka msasa.

Mvua? Matairi yasiyo na mistari kwenye lami iliyolowa ni sabuni. Viwanja vingi vya kukodi husimamisha. Wenye matairi ya mvua wanaendelea, na hapo ndipo wanapojulikana wanaojua kuendesha kwa mikono laini.

Nataka kununua iliyotumika. Niangalie nini?

Ipindue. Usianze na injini, wauzaji wanapenda uanze na injini. Tazama tumbo la mabomba: yakikwaruzwa sana na kingo za uwanja hubaki bapa na membamba. Pitisha kucha kando ya kila sehemu iliyochomelewa, hasa panaposhikwa kiti na panaposhikwa ekseli. Zungusha ekseli kwa mkono ukiangalia ncha yake, ikicheza, imepinda. Uliza kiti ni cha saizi gani, maana kiti kikubwa mno kitakuvunja mbavu na kidogo mno hakikuingii.

Mimi nilinunua yangu ya kwanza nje ya nchi kwa kuangalia picha. Rangi ilikuwa mpya. Chini ya rangi palikuwa na nyufa mbili zilizozibwa. Muuzaji hakupokea simu tena, na nauli ya kuisafirisha ilikuwa imekaribia bei yake. Tangu siku hiyo rangi mpya inanitia shaka.

Ushauri ninaoutoa na usiofuatwa: usinunue kabla hujamaliza kama zamu thelathini za kukodi. Pesa ya mwanzo nunua helmeti nzuri na kinga ya mbavu. Kisha lipia zamu. Injini iwe ya mwisho.

Hapa Uganda kuna mashindano?

Sisi ni nchi ya rali, tukubali. Rali ya Pearl of Africa inajaza vijiji, Charles Muhangi alikuwa bingwa wa rali wa Afrika mwaka 1999, na Susan Muwonge alichukua ubingwa wa taifa 2011, kwa hiyo anayeuliza kama wanawake wanaweza ameshajibiwa. Kwa watoto, motokrosi (mbio za pikipiki kwenye udongo) ya Busiika na Garuga ndiyo imeshika. Gokati bado ni mdogo wa familia. Shirikisho linalosimamia michezo ya magari na pikipiki ni FMU. Ukitaka kushindana kwa leseni, anzia kwao uulize msimu huu kuna nini.

Wengi wetu tunashindana wenyewe kwa wenyewe, gokati za kukodi, saa ya uwanja ukutani, anayeshindwa ananunua rolex, yaani chapati zilizokunjwa na mayai mawili. Na wanaopata nafasi huvuka hadi Nairobi, ambako uwanja wa karibu na mkahawa wa Carnivore, Lang'ata, umewafundisha wengi. Safari ni ya usiku kucha kwa basi, uingie na mgongo umeshachoka.

Je, za umeme?

Nzuri kuliko tunavyotaka kukiri. Nguvu inakuja papo hapo, hakuna moshi, na mwenye uwanja anaweza kuzipunguza kasi zote kwa kubonyeza kitufe mtoto akizunguka. Mimi nakosa kelele, lakini mimi ni mzee wa injini.

Je, ni kweli madereva wakubwa wote walipitia huku?

Karibu wote. Ayrton Senna alishindana kwa mara ya kwanza na gokati pale Interlagos mwaka 1973, akiwa na miaka kumi na mitatu. Alikuja kuwa bingwa wa Formula 1 mara tatu, lakini ubingwa wa dunia wa gokati hakuupata. 1979 na 1980 alimaliza wa pili.

Nimeendesha jana, leo mbavu zinaniuma na siwezi kufunga ngumi. Ni kawaida?

Mikono, kawaida. Ulikuwa umeushika usukani kama mtu anayening'inia mtini; kesho kutwa utakuwa sawa, na zamu ijayo legeza vidole kwenye sehemu zilizonyooka. Mbavu ni kiti, kilikuwa kipana kwako ukawa unagongwa kila kona. Omba sponji ya kujazia ubavuni. Ila kama maumivu yanachoma ukivuta pumzi ndefu au ukicheka, usinisikilize mimi, nenda ukapigwe picha.